Mashini ya ex-UK ya i5 na GT 1030 kwa gemu: uliza DirectX gani, sio GB ngapi

Hii ni rivyu ya mashini ya mtumba, zile kompyuta ndogo za ofisini za ex-UK, yani zilizotumika Uingereza, ambazo zimejaa mjini Mombasa kuanzia Digo Road mpaka Moi Avenue. Yenyewe prosesa ni Intel i5-6500, yani kizazi cha 6, RAM 8GB, SSD 256GB, na ndani imetiwa kadi ya grafiki GT 1030 ya GDDR5 (hiyo ni aina ya memori ya kadi). Ni ya mtoto wa kakangu, kamaliza shule juzi, akafanya kibarua sokoni Kongowea akaweka akiba, akaniambia ami nataka kompyuta ya kuchezea gemu na nijifunze kudizaini humohumo, basi nikaandamana naye kutafuta. Jumla mashini na kadi haikufika shilingi 35,000. Kwa pesa hizo mimi nasema ni mali safi, na nitaeleza kwa urefu kidogo manake kijana akiweka jasho lake akiba halafu auziwe kitu kisichofungua gemu hata moja la leo, wallahi roho yaniuma.

Tatizo la kwanza ni kwamba maduka mengi wanauza kwa GB. Hii grafiki 1GB, hii 2GB, ongeza elfu mbili nikupe ya 4GB. Lakini GB ni nafasi tu ya kadi kuweka picha zake. Gemu haliongei na kadi moja kwa moja, linapitia kiwango fulani katikati, Direct3D ambayo iko ndani ya DirectX ya Microsoft, au OpenGL, au Vulkan, na kadi ikiwa haikijui hicho kiwango gemu halifunguki kabisa, hata utie RAM 32, hata uwe na prosesa gani. Linakuandikia maneno ya kizungu linajifunga, umebaki waangalia kioo.

Duka la kwanza tuliloingia muuzaji alikuwa mstaarabu tu, akatuwashia i5-2400, akaandika dxdiag, ile programu ya Windows ya kukagua mashini, dirisha likafunguka, akaweka kidole pale mstari wa mwisho palipoandikwa DirectX 12. "Kaka si waona mwenyewe, hino ni DirectX 12, yacheza kila kitu." Nikamwomba mausi nikabonya tabu ya Display. Upande wa kulia pana mstari wa Feature Levels, na pale ikasoma 10_1, 10_0, 9_3 ikateremka hivyohivyo. Sasa hapo ndipo penye ukweli. Ile 12 ya ukurasa wa kwanza ni ya Windows, Windows 10 yoyote itaandika 12 hata kadi ikiwa ya zamani kiasi gani. Ile orodha ya ukurasa wa pili ndiyo uwezo wa kadi yenyewe, na HD 2000, grafiki iliyo ndani ya i5-2400, mwisho wake ni 10.1. Gemu linalotaka uwezo kamili wa Direct3D 11 litakukataa, na la Direct3D 12 ndio usahau, manake hiyo chini kabisa yataka feature level 11_0. Simwiti muuzaji mwongo, yeye mwenyewe alishangaa akaniuliza nimuonyeshe tena. Lakini ukinunua bila kubonya hiyo tabu umenunua mbuzi kwenye gunia.

Ukitaka kujua kwa nini mambo yamekuwa hivi rudi nyuma miaka ya 90. Kampuni ya 3dfx walitoa kadi ya Voodoo mwaka 1996 na kiwango chao wenyewe kikiitwa Glide, na kwa wakati ule hakuna aliyewafikia, ila gemu lililoandikwa kwa Glide lilitaka kadi ya 3dfx, basi. OpenGL ilikuweko tangu 1992, imetoka kwa SGI, kampuni ya mashini kubwa za mainjinia. Microsoft wakaleta DirectX 1995, Direct3D ikafuata 1996, na mwanzo ilikuwa taabu kuiandikia mpaka John Carmack, yule mwandishi wa magemu ya Doom na Quake, mwisho wa 1996 akasema wazi yeye anaenda na OpenGL, na mapema 1997 GLQuake, yani Quake ya OpenGL, ikatoka. Mwisho wa 2000 NVIDIA, wapinzani wao wa kadi, wakakubaliana kununua mali za 3dfx, Glide ikafa na mwenyewe, na magemu yaliyoitegemea yakabaki yatima mpaka wapenzi wakaandika programu za kuyatafsiri. Hilo la kutafsiri liweke akilini, tutalirudia.

Direct3D nayo ikakomaa. Toleo la 7 la 1999 kadi ikaanza kupiga yenyewe hesabu za maumbo na mwanga badala ya kumtwika prosesa. La 8, mwaka 2000, likaleta sheda, yani vijiprogramu anavyoandika mwenye gemu vikaendeshwa ndani ya kadi, na hapo ndipo maji na vivuli kwenye gemu vikaanza kupendeza. La 9 likaja mwisho wa 2002 na hilo ndilo lililokaa zaidi kwa sababu Windows XP ilikaa, GTA San Andreas ya kompyuta ya 2005 ni DirectX 9, PES 2013 bado ni DirectX 9, na katikati hapo DirectX 10 ilikuwa imetoka zamani lakini waliifungia Windows Vista peke yake. Mimi hilo la Vista naliona lilikuwa kosa kubwa la Microsoft, waliwanyima watu wa XP kitu ambacho kadi zao mpya zingeweza, na wenye magemu wakaona heri kubaki kwenye 9 kuliko kupoteza wateja. Toleo la 11 la 2009 ndilo likaja na utaratibu wa hizo feature levels, kadi ya zamani iweze kutumia toleo jipya kwa kiasi chake.

Basi turudi kwenye mashini. Hizi i5 za mtumba kizazi ndio kila kitu, kama hutatia kadi. Cha 2 ni 10.1. Cha 3 na cha 4 zafika 11, na cha 4 ilikuwa na DirectX 12 kabisa lakini Intel wenyewe waliizima kwenye draiva (programu ya kuendesha grafiki) za baadaye kwa sababu ya tundu la usalama, kwa hivyo usimsikize mtu anayekwambia hii ya 4 ni 12. Kuanzia cha 6 ndipo grafiki ya ndani, HD 530, inaelewa DirectX 12 na Vulkan bila maneno mengi. Ndio maana nilishikilia cha 6 ijapokuwa kijana alikuwa amependa ya cha 4 kwa sababu kasha lake lilikuwa jipyajipya.

Kadi sasa. GT 1030 ya 2017 ina sura mbili na jina moja, na hili ni jambo la kuchukiza kusema kweli. Ya GDDR5 memori yake inapitisha 48GB kwa sekunde, ya DDR4 iliyokuja 2018 ni kama 17 tu, boksi karibu sawa, jina sawa, GB sawa mbili. Hiyo ya DDR4 usiichukue hata ukipunguziwa. Na kuna zile feki, GTS 450 ya zamani imebadilishwa programu ya ndani ikajiita GTX 1050 Ti, 4GB, bei tamu. Dawa yake ni GPU-Z, ni programu ndogo, itie kwenye fleshi uende nayo dukani. Siku hizi inatambua feki za NVIDIA na kuzipiga muhuri hapohapo kwenye jina, na chini pana visanduku, ukiona cha Vulkan hakina tiki kwenye kitu kinachojiita 1050 Ti, aga uondoke. Duka tulilonunua (juu ya ngazi, huwezi kuliona ukipita barabarani) walituachia tufungue kasha, tuchomeke fleshi, tukakaa na mashini mpaka gemu likafunguka mbele yetu, na hawakununa. Kwa hilo tu nawapa maksi zote.

Kucheza: GTA V, lile toleo la zamani (Legacy), ambayo yakubali DirectX 10, 10.1 na 11, inaenda laini 1080p ukiweka seting za kawaida. San Andreas na PES 2013 hazisikii hata uzito. Jambo moja litakalokusumbua kwa magemu ya zamani, utafungua likwambie d3dx9_43.dll haipo, na utaona ajabu manake si una DirectX 12? Ni kwamba Windows mpya haiji na zile faili za pembeni za enzi ya 9, shusha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 kutoka kwa Microsoft wenyewe, isitoshe ni bure. Usichukue hiyo dll mojamoja kwenye mitandao ya ajabuajabu, huko ndiko virusi vinakotoka.

Halafu kuna la Windows. Windows 10 masasisho yake ya kawaida yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na i5-6500 haiko kwenye orodha rasmi ya Windows 11, wanaanzia kizazi cha 8. Wengi wakisikia hivyo wanaona mashini imekufa. Haijakufa, yaweza kuhamia Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, na hapa ndipo nafurahi sana na mambo yalivyoenda. AMD, kampuni nyingine ya kadi, walitoa kiwango chao Mantle 2013, wazo lake lilikuwa kumwachia mwandishi wa gemu aiongoze kadi mwenyewe badala ya draiva kukisiakisia nyuma na kumchosha prosesa kwenye kiini kimoja. Apple wakaja na Metal 2014, Microsoft DirectX 12 mwaka 2015, na AMD wakawapa Khronos, muungano wa makampuni unaosimamia OpenGL, ile Mantle, ikajengewa Vulkan, toleo la kwanza tarehe 16 Februari 2016. Tofauti ni kwamba Vulkan si mali ya mfumo mmoja, iko Windows, iko Linux, iko kwenye simu za Android. Kijana mmoja anaitwa Philip Rebohle akaandika DXVK, ambayo inachukua amri za Direct3D na kuzigeuza Vulkan papohapo, Valve, wenye duka la magemu la Steam, wakaitia kwenye Proton, chombo chao cha kuchezesha magemu ya Windows kwenye Linux, Agosti 2018, na leo unaweka Linux, unaweka Steam, unafungua gemu la Windows na linacheza. Kutafsiri kulekule kwa enzi za Glide, ila sasa kumekuwa kazi ya maana.

Kwenye mashini yetu tumeweka Linux upande wa pili wa SSD na nikwambie PES 2013 inaenda huko vizuri sana. Mara ya kwanza gemu likitayarisha sheda zake linakwamakwama kidogo, likishazihifadhi linatulia. Ila kumbuka DXVK kuanzia toleo la 2.0 la 2022 yataka Vulkan 1.3. Kadi za GT 710, ambazo kila duka ninaloingia mjini wanazo, draiva yao ya mwisho iliishia 1.2. GT 1030 inafika 1.3. Elfu mbili tatu unazookoa kwa GT 710 zinakufungia mlango wa matoleo haya mapya, tena mtu ananunua mwaka huu!

Mapungufu yapo na nayasema. Valorant na Fortnite hazichezi Linux kwa sababu ya ulinzi wao wa kuzuia wanaocheza kwa udanganyifu, kwenye mashini kama hii hizo ni Windows tu. EA FC 24 yataka DirectX 12 na chini kabisa GTX 1050 Ti ya 4GB, kwa hivyo mwenye mapenzi na FC mpya asinunue hii, atalia. Magemu kama Doom: The Dark Ages ya 2025 yanataka kadi yenye uwezo wa kufuata miale ya mwanga, huko tusijidanganye. Na NVIDIA walisitisha draiva mpya za gemu kwa kizazi hiki cha Pascal Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu mpaka 2028. Inatosha kwa kijana anayeanza, lakini ajue.

Kingine ni hali ya huku kwetu. GT 1030 inakula wati 30 tu, haina waya wa pembeni, kwa hivyo pawa saplai ndogo ya kasha hizi haihangaiki, na jua la Februari na hii nyumba ya mabati haijatuzimikia hata tukicheza mchana. Vumbi lenye chumvi ndilo adui, wakazi wa Kibokoni na Likoni karibu na maji mwalijua hilo, fungua upulize mara kwa mara na angalia sehemu ya kuchomeka kadi isishike kutu. Na uwe na kitu cha kulinda stima, hata kile kidogo cha bei nafuu, ikipotea na kurudi kwa kishindo SSD yaweza kuumia.

Mwenye uwezo wa kuongeza, tafuta GTX 1650 fupi ya 4GB, wati 75, nyingi hazitaki waya wa ziada, na draiva zake bado zinatoka. Pima kwanza nafasi ndani ya kasha manake nyingi zinachukua matundu mawili na kasha nyingine hazina nafasi hiyo. Nenda asubuhi kabla hawajabanwa na wateja, ndipo wanakuachia ukae na mashini upendavyo, fleshi yako mkononi.