Upimaji wa watoto wenye mahitaji maalumu Moshi: ipime huduma kwa karatasi unayotoka nayo

Mzazi anayeambiwa na mwalimu "huyu mtoto mpeleke akapimwe" kwa kawaida huishia kuambiwa hilo tu. Akapimwe nini, wapi, aanze na nani, hakuna anayemweleza. Hapa tunaipitia huduma hiyo kwa familia za Moshi na vijiji vyake, na kigezo chetu ni kimoja: mwalimu wa darasa akiisoma ripoti, atajua kesho yake afanye nini ambacho leo hafanyi? Kama hatajua, mtoto amepimwa bure.

Tuanze na mlango. Kwa upande wa elimu, mlango ni idara ya elimu ya awali na msingi ya halmashauri, kwa ofisa anayeshughulikia elimu maalumu. Moshi ina halmashauri mbili na watu huzichanganya. Wa Majengo, Pasua na Soweto wako Manispaa. Wa Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu wako Halmashauri ya Wilaya, hata kama sokoni wanashuka mjini kila siku. Arusha ndivyo hivyo: Jiji ni lake, upande wa Ngaramtoni ni Halmashauri ya Arusha, Tengeru na Usa River ni Meru. Ukikosea ofisi hufukuzwi, ila siku imeshapotea na nauli pia. Nenda na barua ya mwalimu mkuu yenye muhuri, na hakikisha inasema kilichoonekana darasani. "Haandiki kilichoko ubaoni, ila akisogezewa daftari ananakili vizuri" ni sentensi yenye kazi. "Ana matatizo ya uelewa" haimsaidii mpimaji hata kidogo, na mara nyingine humpotosha.

Masikio na macho ndiyo ya kwanza, kabla mtu yeyote hajazungumzia akili. Mtoto asiyesikia vizuri anajibu asichoulizwa, anachelewa kufuata maagizo, anatazama wenzake ndipo afanye. Kwa mwalimu mwenye darasa lililojaa, huyo ni mzito. Kwa bahati Moshi ina nafasi ambayo mikoa mingi haina: KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, ina masikio, macho, watoto na viungo ndani ya uzio mmoja, pamoja na chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980. Njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha afya au Mawenzi, hospitali ya mkoa, kisha barua ya rufaa. Mwenye bima asiiruke hatua hiyo, maana ndiyo inayoangaliwa dirishani.

Kipimo cha masikio kinaharibika kwa sababu ndogo ndogo. Nta ikiziba tundu, grafu itaonyesha uziwi ambao haupo. Sikio lisafishwe kwanza na mtaalamu, si kwa njiti nyumbani, kwa sababu njiti huisukuma nta ndani zaidi. Mafua nayo huacha majimaji nyuma ya ngoma, na hayo yanaweza kukaa wiki kadhaa baada ya pua kukauka. Matokeo yaliyopatikana wakati huo yarudiwe. Kisha kuna umri. Kipimo cha kubonyeza kitufe kila sauti inaposikika kinataka mtoto anayeelewa mchezo, kwa kawaida wa miaka minne au mitano kwenda juu. Aliye mdogo hupimwa kwa mashine inayosoma mwitikio wa sikio au wa mshipa wa fahamu akiwa ametulia, na mara nyingi akiwa amelala. Hapo ndipo daladala inapoharibu kazi: mtoto analala njia nzima, anafika macho makavu, kipimo kinashindikana. Aamshwe mapema siku hiyo, azuiwe kulala njiani, kisha anyonyeshwe au alishwe pale pale kabla ya kuingia.

Kwa macho, chati ya herufi E inayogeuzwa pande nne inamfaa hata asiyejua kusoma, maana anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E imeelekea wapi. Mfundishe nyumbani kwa E uliyoikata kwenye boksi, siku mbili tatu kabla. Matokeo ya 6/18 yana maana kwamba anachokiona yeye kwa mita 6, mwenye macho ya kawaida anakiona kwa mita 18. Anayebaki chini ya hapo hata akiwa na miwani anaingia kwenye uoni hafifu, na uoni hafifu si upofu: wengi wao wanahitaji maandishi makubwa, kivuli na dawati la mbele, wala si nukta nundu. Watoto wenye ualbino wengi wako kundi hili.

Upande huu wa huduma, wa mwili, tunaupa alama za juu. Unapimika, na kipimo kinaweza kurudiwa.

Upimaji wa ujifunzaji ndio unaoyumba, nchi nzima. Hakuna kipimo cha damu cha usonji, na mtindio wa ubongo haumaanishi moja kwa moja kwamba akili imeguswa. Mpimaji anategemea kumtazama mtoto, kumpa kazi za kufanya na kumhoji mzazi. Akiharakisha, anapima woga. Mtoto wa Uru aliyelelewa na bibi kwa Kichagga akiulizwa maswali yote kwa Kiswahili ataonekana hajui rangi wala hesabu. Sema mapema nyumbani mnazungumza nini, na omba maswali yarudiwe kwa lugha hiyo. Mwenye dalili za usonji huenda asifanye lolote la maana kwa saa nzima ya kwanza mahali pageni, kwa hiyo mchukulie kitu anachokipenda na chakula alichokizoea. Dawa za kifafa zisirukwe siku ya kupimwa.

Mizigo inayomsaidia mpimaji kuliko maneno yote: kadi ya kliniki, madaftari ya mihula tofauti (ya karibuni peke yake hayaonyeshi kama anapanda au anashuka), na video za simu. Video ya nusu dakika ya mtoto anavyokula, anavyocheza na wenzake, au ya degedege lenyewe, inamaliza ubishi ambao maelezo ya mdomo hayaumalizi.

Ukiulizwa orodha ya maswali ya UNICEF na Washington Group (kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu), 16 kwa miaka 2 hadi 4 na 24 kwa miaka 5 hadi 17, jibu bila kuficha. Lakini ujue yalitungwa kwa ajili ya takwimu za kaya. Hayampi mtoto jina la hali, na asitokee mtu akakuandikia jina kwa hayo peke yake.

Sasa karatasi. Ripoti mbaya ina mstari mmoja: "Mtoto ana uelewa hafifu, apelekwe kitengo." Nzuri inasomeka hivi, kwa mfano: "Sikio la kushoto linasikia mazungumzo ya kawaida kwa mita moja, la kulia halisikii. Akae dawati la mbele upande wa kulia wa darasa, sikio la kushoto lielekee kwa mwalimu. Mwalimu asizungumze akiwa amegeukia ubao. Maagizo yatolewe moja moja. Apimwe tena baada ya miezi sita." Mpango huo hauhitaji hela. Usiondoke kabla hujauliza mambo manne: mtoto anaweza nini, kinachomshinda ni nini, darasani kibadilike nini, na tarehe ya kurudi ni ipi. Chukua nakala yenye muhuri, utoe kopi, ya shule na ya halmashauri, halisi ibaki nyumbani.

Karatasi hiyo ina kazi hata miaka ya mbele. NECTA huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na wenye uoni hafifu huandaliwa mitihani ya maandishi makubwa. Mahitaji hayo sharti shule iyajue na iyapeleke mapema, na shule haiwezi kupeleka isichokuwa nacho kwenye faili.

Mtoto akipewa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, uliza habari za betri kabla ya kusaini. Saizi 13 ina kibandiko cha rangi ya chungwa, 675 ni ya bluu na ni ya vifaa vyenye nguvu zaidi. Betri hizi hufanya kazi kwa hewa: ukishabandua kibandiko zimeanza kuisha, na kukirudisha hakuziokoi. Hesabu wiki moja hadi mbili kwa saizi 13, zidisha kwa mwaka, ndipo ujue kama unaimudu. Ile plastiki iliyochongwa kwa umbo la sikio lake hupwaya mtoto anapokua, na kwa wadogo hubadilishwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kifaa kikianza kupiga filimbi, fundi aangalie plastiki kwanza. Vifaa vingi vinavyolala kabatini havijaharibika. Vimepwaya au havina betri.

Kuhusu shule, Moshi ina Mwereni, ambako wasioona wanasoma pamoja na wanaoona, na Msandaka inayofundisha viziwi. Kwingine utaelekezwa kwenye kitengo cha elimu maalumu ndani ya shule ya kawaida. Kitembelee siku ya masomo, saa tatu asubuhi, usiende siku ya kikao. Uliza mwalimu amesomea eneo gani: Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinafundisha walimu wa elimu maalumu kwa maeneo, na aliyesomea viziwi si lazima ajue kumfundisha mwenye usonji. Tazama pia choo kiko umbali gani na kina ngazi ngapi, kwa sababu hapo ndipo watoto wa viti mwendo wanapokatisha masomo. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba, kwa hiyo upimaji wa kuanza Novemba umeshachelewa.

Ufuatiliaji ndiyo sehemu tunayoipa alama za chini kabisa. Tarehe ya kurudi ikipita hupigiwi simu na mtu, labda uende mwenyewe. Na mwalimu mkuu akisema hana nafasi kwa mtoto wa aina hiyo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haimpi ruhusa ya kumkataa kwa sababu ya ulemavu. Omba jibu hilo kwa maandishi, lenye muhuri, ulipeleke kwa afisa elimu kata pamoja na kopi ya ripoti.