Mfumo wa viputo kwenye bwawa la mbizi: uzoefu wangu na aina ya kompresa na tangi

Nafundisha mbizi za ubao na jukwaa kwenye bwawa lenye kina cha mita 5, na mfumo tunaoutumia kulainisha maji kwa viputo vya hewa ni ule wa kompresa (mashine ya kukandamiza hewa), tangi la hewa na wavu wa mabomba sakafuni. Ningeulizwa leo kama ninunue tena, ningenunua. Ila tangi likiwa dogo, kitufe kikiwa mbali na mkono wa kocha, au matundu yakitoa hewa nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, pesa imepotea, na hatari imeongezeka badala ya kupungua.

Anayeruka kutoka mita 10 anafika majini kwa kasi ya mita 14 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 50 kwa saa. Kutoka ubao wa mita 3 ni kama kilomita 28 kwa saa. Nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo aliyetua kwa tumbo au mgongo kutoka juu kabisa anapigwa zaidi ya mara tatu ya yule wa mita 3. Hewa ikichanganyika na maji, uzito wa maji unapungua, halafu yanabonyea kidogo pale mwili unapogusa, kwa hiyo ule mshtuko wa kwanza hauji wote kwa mpigo mmoja. Kuuma bado kunauma, na ngozi inawaka. Tofauti ni kwamba mwanafunzi anatoka majini anapumua vizuri na anaweza kupanda ngazi tena siku hiyohiyo.

Viputo havimkingi mtu na ubao wenyewe. Greg Louganis, mrukaji wa Marekani, alipogonga kichwa kwenye ubao wa mita 3 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, hata bwawa lote lingekuwa povu tupu lisingemsaidia. Mwanafunzi anayeruka karibu mno na ubao arudishwe kwenye trampolini na mkanda wa mazoezi unaomshikilia hewani. Usimpe viputo ukadhani umemlinda.

Sasa vifaa. Maji ya mita 5 yana presha ya karibu nusu bar pale chini (bar 1 ni karibu presha ya hewa ya kawaida), na hewa lazima iishinde hiyo pamoja na msuguano wa mabomba. Ndiyo maana blowa (mashine za kupuliza hewa) ndogo za jakuzi hazifai hata kidogo. Zitaunguruma na chini kusitoke kitu. Kuna blowa kubwa zinazoweza, na hizo zina faida ya kutoa hewa mfululizo bila kusubiri, ila zina kelele na zinataka umeme mwingi kila zinapowashwa. Sisi tuna tangi la lita 2,000 linalojazwa hadi bar 10, kidhibiti presha kinachoishusha hadi kati ya bar 2 na 3, vali ya umeme yenye mdomo mpana, kisha bomba kuu linalogawanyika kuelekea wavu. Eneo linalotoa viputo ni mita 3 kwa 4, kuanzia chini ya ncha ya jukwaa kwenda mbele.

Fanya hesabu kabla ya kusaini mkataba. Eneo hilo, ukitaka maji yawe meupe sawasawa, linakula zaidi ya mita moja ya ujazo ya hewa huru, yaani hewa kabla ya kukandamizwa, kila sekunde. Mkupuo wa sekunde 6 unamaliza mita za ujazo 8 hivi, na tangi linashuka kutoka bar 10 hadi 6. Kompresa ya kilowati 11 inayotoa mita za ujazo 1.6 kwa dakika itahitaji dakika 5 kulirudisha. Wanafunzi sita wakiwa kwenye foleni, hiyo ni nusu saa nzima ili wote sita waruke mara moja tu! Wauzaji hupenda kutaja nguvu ya mkupuo na kunyamaza kuhusu muda wa kujaza. Uliza muda huo kwanza. Ukiweza, ongeza tangi la pili badala ya kompresa kubwa, kwa sababu tangi halina injini ya kufa.

Jambo linalotenganisha matumizi mazuri na mabaya ni wakati wa kubonyeza. Hewa ikifunguliwa, maji yaliyokuwa yamejaa ndani ya mabomba yanasukumwa kwanza, halafu linapanda fungu kubwa la hewa linalotoboka juu kama kichuguu kirefu katikati, huku pembeni maji bado ni mazito. Usimruhusu mtu aruke hapo. Subiri kichuguu kishuke na uso wote uwe mweupe na uchemke sawasawa. Kwetu inachukua sekunde 3 hadi 4. Kuanguka kutoka mita 10 kunachukua chini ya sekunde 2, kwa hiyo anayebonyeza wakati mwanafunzi ameshaacha jukwaa amechelewa. Utaratibu wetu ni huu: mwanafunzi anasimama tayari na kuinua mkono, kocha anabonyeza, weupe ukikaa sawa kocha anapaza sauti "ruka!", na maji yakigusa tu mwili kidole kinaachia kitufe. Bila weupe, hakuna kuruka, hata kama sauti ya hewa inasikika.

Kuzima haraka ni muhimu kama kuwasha. Ndani ya viputo mwili hauelei kama kawaida. Mtu anapiga mateke na kusogea kidogo tu, na aliyetua vibaya hana nguvu za kupambana. Aliyeingia wima kwa mikono naye anazama zaidi na kwa kasi kuliko alivyozoea. Kwenye bwawa lenye kina pungufu sitawasha viputo vya nguvu kwa mbizi za kichwa kutoka juu. Halafu maji meupe hayaonyeshi kitu: mwokoaji haoni sakafu. Kwa hiyo mtu mmoja tu majini, na wa pili hapandi ukingoni hadi kichwa cha wa kwanza kionekane.

Kwenye ufundishaji, viputo navipa nafasi ya mwisho. Mzunguko mpya wa mwili hewani unaanza nchi kavu kwa mkanda, unakuja kwenye ubao, unahamia kwenye jukwaa la mita 5 kwa hatua zake rahisi, ndipo unapanda juu na viputo vya nguvu kamili. Zikifanyika mbizi chache zinazoeleweka, punguza kidhibiti taratibu hadi mwanafunzi aingie kwenye maji ya kawaida. Usimkalishe humo. Povu linaficha makosa ya kuingia: mikono iliyoachana na miguu iliyopinda havionekani, na mwanafunzi mwenyewe hahisi kosa lake.

Kuna makocha wanaodhani mfumo huu unatosha pia kumwonyesha mrukaji uso wa maji ulipo, maana maji tulivu ni vigumu kuyaona kutoka juu. Kanuni za vifaa za mashindano ya kimataifa zinaruhusu hivyo tu pale mashine inapoweza kutikisa uso wa maji ikiwa kwenye presha ndogo sana; vinginevyo vitumike vinyunyizio vya maji. Wetu haushuki hadi presha hiyo bila kutoa mikunjo upande mmoja, kwa hiyo vinyunyizio vimebaki.

Kinachoharibika mara nyingi ni matundu. Yetu ni ya milimita 3, na chokaa ya maji magumu huyaziba polepole kuanzia mwisho wa bomba. Matokeo yake ni doa la maji mazito katikati ya weupe, pale pale mwanafunzi anapotegemea kuwa laini. Kila wiki washa mfumo bila mtu majini, simama juu ya jukwaa na uangalie kama kuna doa jeusi. Vali ya njia moja nayo ikichoka, maji yanarudi kwenye bomba hadi yaikaribie kompresa. Kinga ya ziada ni kulipandisha bomba kuu juu ya uso wa maji kabla halijashuka bwawani. Vali ya umeme iwe ya aina inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Na kompresa isiwe ya aina inayolainishwa kwa mafuta. Chujio la kunasa mafuta huchelewa kubadilishwa, na utando wa mafuta ukishaelea juu ya bwawa, utasikia harufu yake kabla hujauona.

Kwa wenye mabwawa ya zamani, kama lile la Kasarani, Nairobi, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, si lazima kuchimba sakafu. Wavu unaweza kulazwa juu ya vigae, lakini ufungwe kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, za daraja la 316. Bomba la milimita 63 likijaa hewa linainuliwa na maji kwa kilo 3 hivi kila mita, kabla ya kutoa uzito wa bomba lenyewe. Mita 40 ni zaidi ya kilo 120 zinazotaka kupanda juu. Ukitegemea zege kama nanga, kumbuka nalo linapoteza sehemu kubwa ya uzito wake likiwa majini, kwa hiyo utahitaji zaidi ya kilo 210 ili tu usawa upatikane.

Mwambie pia fundi anayetia dawa maji ya bwawa kabla ya siku ya kwanza. Viputo vinaiondoa kaboni dayoksaidi majini, pH (kipimo cha asidi ya maji) inapanda, na klorini inafanya kazi vibaya kadiri pH inavyopanda. Vinazitoa pia majini zile gesi za klorini zinazochoma macho, na kwenye ukumbi uliofungwa zinakaa juu ya maji, pale anapopumulia aliyetoka kuzama. Siku za mazoezi mazito tunapima pH kabla na baada, na feni za kutoa hewa zinawashwa nusu saa kabla ya mkupuo wa kwanza.