Tahadhari kwa mafundi wa magitaa: "mpingo" uliopakwa rangi unauzwa kwa seti

Ndugu mafundi wenzangu, pamoja na wote mnaonunua mbao za kutengenezea au kukarabati magitaa, naandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba anauza mpingo mkavu kutoka mikoa ya kusini mwa Tanzania, uliokwisha kupasuliwa kwa vipimo vya gitaa. Nilimlipa shilingi 595,000, nikaletewa mbao za mti mwingine kabisa, mwepesi, zilizopakwa rangi nyeusi. Simtaji kwa jina kwa sababu jina analolitumia kwenye matangazo silo lililotokea kwenye simu nilipomtumia fedha, na tangu wakati huo amebadilisha jina na namba pia, hivyo nikilitaja naweza kumchafulia mtu asiyehusika. Mbinu yake ndiyo haijabadilika, na ndiyo ninayotaka muijue.

Karakana yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba, hapa Dar es Salaam. Kazi inayoingia zaidi ni ya kufufua magitaa ya zamani ambayo daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao wa mbele) limeng'oka, au shingo imepinda, au ubao unaobeba freti, vile vichuma vya shingoni ambako nyuzi hubonyezwa, umelika na kubaki mashimo chini ya nyuzi. Kwa ubao wa namna hiyo sijaona mti unaoushinda mpingo, kwa kuwa ni mgumu, una mafuta yake ya asili, na hauliki upesi kwa vidole vya mpigaji. Ndiyo maana nilipoona tangazo lake nilianza kwa kuagiza ubao mmoja tu wa freti, wenye urefu wa sentimita 52, upana wa sentimita 7 na unene wa milimita 9, kwa shilingi 35,000. Ulipofika ulikuwa mpingo kweli. Niliugonga kwa kifundo cha kidole ukalia kama kipande cha chuma, na nilipoupitisha randa, maranda yalitoka meusi yenye uzambarau hadi ndani. Niliufunga kwenye gitaa la mteja ambaye alirithi chombo hicho kwa baba yake, na mpaka leo halina tatizo lolote.

Kumbe ubao ule wa kwanza ndio uliokuwa chambo.

Baada ya wiki mbili alinipigia yeye mwenyewe. Alisema kuna mteja wa nje ya nchi aliyeagiza seti kumi za mgongo na mbavu za gitaa, yaani mbao za nyuma na za pembeni, kisha akaahirisha, na kwamba zimebaki seti sita ambazo angeniachia kwa shilingi 95,000 kila moja, pamoja na shilingi 25,000 za usafiri wa basi, ila nilipe siku hiyohiyo kwa sababu kulikuwa na fundi mwingine aliyekuwa akizisubiri. Alinitumia picha za mbao nyeusi tititi, zinang'aa, zimepangwa juu ya turubai. Nilipotuma fedha, jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha muamala lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu kwamba ni simu ya shemeji yake, yake imeharibika. Nikaweka namba ya siri. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama, na kila anayesoma haya namwomba asimame hapo.

Mzigo niliupokea Mbagala, nikaubeba begani mpaka kwenye bajaji bila taabu yoyote. Vichwa vyote vya mbao, yaani ncha zake, vilikuwa vimezamishwa kwenye nta nzito. Jambo hilo lenyewe si baya, kwani ndivyo inavyofanywa kuzuia mbao zisipasuke kuanzia kwenye vichwa, lakini hapo nta ilikuwa imeficha mahali pekee ambapo ningeuona mti ulivyo kwa ndani. Tena alinipigia jioni ile, kwa sauti ya upole ya mtu anayejua kazi, akaniambia: "Fundi, usiziguse kwanza. Ziache zipumzike wiki mbili zizoee hewa ya Dar." Ushauri huo ni sahihi, kila fundi anaufuata, nami niliufuata. Sasa naelewa kwamba alikuwa akijinunulia siku za kutoweka.

Siku ya kumi na moja nilishindwa kusubiri. Nilichukua ubavu mmoja, nikaubana mezani, nikaupitisha randa mara moja tu ili kuanza kuupunguza unene kutoka milimita 4 kwenda milimita 2, ambao ndio unapindika kwenye bomba la moto. Utepe uliojiviringisha juu ya randa ulikuwa mweusi upande mmoja na wa rangi ya chai ya maziwa upande wa pili. Nilipolowesha kitambaa na kufuta sehemu nyingine ya ubavu uleule, kitambaa kilitoka kimejaa weusi kama niliyefuta kiatu, na harufu yake ilikuwa ya dawa ya viatu, si ile harufu ya mpingo ambayo mtu akishaizoea haisahau. Nikakata kichwa kimoja kimoja, seti zote sita. Hakuna hata moja iliyokuwa na mpingo.

Nimejiuliza sana ni kitu gani kilichoniziba macho, na jibu linaniuma kwa sababu mti wenyewe ulikuwa umeshaniambia. Mpingo si mti mnene. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, shina lake aghalabu ni fupi, limepindapinda, lina mifereji ubavuni, na mara nyingi kiini kimepasuka au kimeoza katikati. Ndiyo maana dunia inautumia zaidi kwa vyombo vinavyohitaji vipande vidogo, kama klarineti na obo, ambavyo ni ala za kupuliza. Ubao wa nusu ya mgongo wa gitaa unahitaji upana wa sentimita 21. Kupata ubao wa upana huo, usio na ufa wala fundo, na usio na hata mstari mmoja wa ule mti mweupe wa nje unaozunguka kiini, ni bahati kubwa. Kuzipata kumi na mbili kwa siku moja kwa bei ile haiwezekani. Mpingo halisi wa mgongo wa gitaa mara nyingi huunganishwa kwa vipande vitatu au vinne, na hauwi mweusi sawasawa kama lami, bali una michirizi ya kahawia iliyokoza na ya zambarau ukiutazama juani. Mtu akikuonyesha rundo la mbao pana, nyeusi kwa namna moja kama zimetoka kiwandani, ujue anakuonyesha rangi.

Kinga ya kwanza ni mizani. Mpingo mkavu una uzito wa takribani gramu 1.2 au zaidi kidogo kwa kila sentimita moja ya ujazo, ndiyo maana kipande chake huzama majini. Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa sentimita, kisha zidisha kwa 1.2. Ubao wangu wa kwanza wa freti ulipaswa kuwa na karibu gramu 400, na ndivyo ulivyokuwa. Seti moja ya mgongo wa vipande viwili vya sentimita 55 kwa 21 kwa unene wa milimita 4.5, pamoja na mbavu mbili za sentimita 80 kwa 12 kwa milimita 4, inapaswa kukaribia kilo 2.2, kwa hiyo seti sita zisingepungua kilo 13. Mzigo wangu wote, pamoja na maboksi na kamba, ulikuwa kilo saba na ushee. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya palepale stendi, kabla ya kuondoka na mzigo. Mwambieni muuzaji apige video moja isiyokatwa akiupima ubao kwenye mizani, kisha akwangue nta na kukata kipande cha kichwa mbele ya kamera. Mwenye mpingo wa kweli hatapoteza chochote kwa kufanya hivyo, maana kichwa hicho utakikata wewe mwenyewe baadaye.

Kuhusu spiriti naomba tuelewane vizuri, kwa sababu wapo wanaosema ukifuta kwa spiriti na rangi ikatoka basi ni bandia. Si hivyo moja kwa moja. Mpingo na ndugu zake wa jamii ya Dalbergia hutoa rangi yao ya asili kidogo wakiguswa na spiriti, ya kahawia yenye uzambarau, hivyo mnaweza kumwonea muuzaji mwaminifu. Kinachohukumu ni kukwangua. Chukua patasi kali au kipande cha kioo, kwangua mpaka uchimbe milimita moja hivi, halafu tazama. Mpingo unabaki na rangi ileile kadiri unavyoingia ndani, ilhali mbao iliyopakwa inafifia upesi na kuonyesha rangi yake ya kuzaliwa.

Nilipompigia baada ya kugundua, kwanza alisema huo ni "mpingo jike", ambao eti weusi wake hauingii ndani sana. Hakuna kitu kama hicho. Kisha akasema vijana wake walichanganya mizigo, akaomba nimtumie shilingi 40,000 za kurudisha seti zile na kuletewa nyingine. Nilipokataa, simu ikazimwa, na tangazo likafutwa. Baadaye nilipowasimulia mafundi wenzangu nilikuta wawili wamepitia njia hiyohiyo, mmoja yuko Morogoro na mwingine Mombasa: ubao mmoja mzuri wa kuonja, wiki mbili za ukimya, mteja wa nje aliyeahirisha, nta nene, na ushauri wa kuacha mbao zipumzike. Yule wa Morogoro alituma hata hizo fedha za "kurudisha".

Habari ya mwenzetu wa Mombasa ndiyo iliyonifanya niamue kuandika. Yeye aliletewa vipande vya kuchongea madaraja, na kimoja alikifunga kwenye gitaa la nyuzi za chuma kabla hajagundua. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida huvuta kwa pamoja kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye kile kipande kidogo cha daraja. Mti laini ulipasuka kwenye mstari wa matundu ya vijiti vinavyoshika nyuzi, ukang'oka na kuchana nyuzinyuzi za ubao wa mbele, na ubao ule ulikuwa wa zamani, ambao haupatikani tena dukani. Fundi amelipa kwa kazi yake ya miezi miwili, na mwenye gitaa amepoteza kitu alichokitunza kwa miaka mingi.

Liko pia suala la karatasi, na hapo sina budi kukiri kwamba nilikosea. Mazao ya misitu yanaposafirishwa nchini Tanzania yanapaswa kuwa na hati ya kusafirishia inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Sikuiomba. Kama mbao zile zingekuwa mpingo kweli, mimi mpokeaji ndiye ningekuwa na kesi ya kujibu stendi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Oman na kwingineko nje ya Tanzania, muuzaji huyu huahidi kuwatumia seti "bila usumbufu wa karatasi". Msikubali. Tangu tarehe 2 Januari 2017 karibu jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, katika Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya mimea na wanyama ambao kuwavusha mpaka kibiashara kunahitaji kibali. Ni kweli kwamba tangu tarehe 26 Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa katika sharti la kibali, na wauzaji wa aina hii hupenda kulitaja jambo hilo, lakini msamaha huo ni wa gitaa lililokwisha kutengenezwa, si wa mbao zinazokwenda kulitengeneza.

Nimeripoti kituo cha polisi nikiwa na ujumbe wa muamala, picha za tangazo, stakabadhi ya mzigo na vipande nilivyokata, na namba zake zote mbili nimezituma kwenye 15040, ambayo ni namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokea taarifa za utapeli wa simu. Aliyelipa leo au jana asisubiri mzigo ufike. Apige simu kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake sasa hivi aombe muamala uzuiwe, kwa sababu fedha zikishatolewa kwa wakala hakuna la kuzuia. Aliyepokea mzigo na bado "ameuacha upumzike" akwangue kichwa cha ubao mmoja usiku huu. Vipande sita vya sampuli, kila kimoja kimekatwa katikati kuonyesha weusi ulipoishia, nimeviweka karakana pamoja na kipande cha mpingo halisi kwa kulinganisha, na yeyote anayetaka kuandika malalamiko yake polisi nitampa kimoja aende nacho.