Uzoefu wangu na BeagleBone Black: panga umeme kwanza, programu baadaye

Nimeitumia BeagleBone Black, kompyuta ndogo iliyojengwa juu ya bodi moja, kufuatilia joto la chumba cha kuhifadhia mboga na kina cha maji kwenye tangi, na kwa mtu anayetaka kuijua prosesa kwa undani, hii ndiyo bodi ninayompendekezea. Ilitoka mwaka 2013 ikiwa na prosesa ya Texas Instruments ya gigahazi 1 na RAM ya megabaiti 512. Toleo C lina hifadhi ya ndani ya gigabaiti 4. Michoro ya saketi yake iko wazi kwa kila mtu. Hilo nalithamini kuliko kasi, maana ukikwama unafuata waya kwenye mchoro mpaka unajua tatizo liko wapi.

Kuiwasha mara ya kwanza hakuna ugumu. Chomeka waya wa USB kwenye kompyuta, taa ya umeme inawaka, kisha taa nne za buluu zinaanza kumeta, moja ikipiga mfululizo kuonyesha Linux, mfumo endeshi wake, iko hai. Unaingia kwa SSH, njia ya kuiamuru bodi kwa maandishi kutoka kompyuta yako, kwenye anwani 192.168.7.2. Huhitaji kioo wala kibodi.

Kazi inaanza pale bodi inapotoka mezani. USB ya kompyuta inaipa ampea 0.5 tu, na ukiongeza modemu haitoshi tena. Hapo unahitaji adapta ya volti 5, angalau ampea 1, yenye plagi ya duara ya milimita 5.5 kwa 2.1, chanya ikiwa katikati. Mimi nanunua ya ampea 2. Ila usiamini maandishi yaliyobandikwa juu yake. Dukani niliwahi kupewa adapta iliyoandikwa ampea 2. Bila mzigo ilisoma volti 5 safi, modemu ilipoanza kutuma data ikashuka chini ya 4.6 na bodi ikajizima. Kwa hiyo pima kwa mita mzigo ukiwa unafanya kazi, na upime kwenye plagi ya mwisho, si kwenye adapta. Waya mwembamba wenye ukinzani wa omu 0.5, ukipitisha ampea 1, unakula nusu volti njiani.

Walioibuni walifikiria na mtu atakayechomeka adapta ya volti 12 bila kukusudia. Kuna chipu ya ulinzi, NCP349, inayokata umeme huo usifike ndani. Kasoro ni kwamba hakuna taa ya kukuambia: bodi inakaa kimya tu, na mtu anaweza kudhani imekufa. Pima adapta kwanza kabla hujakata tamaa. Kumbuka pia kwamba ulinzi huo uko kwenye tundu la adapta peke yake. Pini za pembeni, yaani matundu ya kuunganishia waya za vitambuzi (sensa), hazina wa kuzitetea.

Na pini ndizo zinazoua bodi nyingi. Pini za kawaida zinapokea volti 3.3, basi, ishara ya volti 5 kutoka kwa kitambuzi inaweza kuiharibu prosesa moja kwa moja. Zile za analogi, zinazopima kiwango cha volti, ni dhaifu zaidi, mwisho wake volti 1.8. Tena kuna sharti ambalo wengi hawalisikii mpaka wameunguza: usipeleke umeme kwenye pini yoyote wakati bodi imezimwa au haijamaliza kuamka. Kitambuzi chenye betri yake kikibaki kinatuma ishara huku bodi imelala, umeme unaingia kwenye prosesa kwa mlango usio wake. Dawa yake ni rahisi: vitambuzi vyangu vya volti 3.3 navilisha kutoka P9_03 na P9_04, pini za bodi yenyewe. Bodi ikizima, navyo vinazima. Pini hizo zinatoa miliampea 250, zinazotosha vitambuzi vingi vidogo. Kabla ya kugusa waya wowote nachomoa umeme wote, pamoja na USB, maana ukichomoa adapta peke yake bodi inaweza kuwa bado inalishwa kupitia kompyuta.

Kuzima nako kuna utaratibu wake. Andika amri ya kuzima, sudo poweroff, au bonyeza kitufe cha umeme mara moja, usubiri taa zizimike ndipo uchomoe. Ukichomoa ghafla wakati hifadhi inaandikwa, mafaili yanaharibika. Kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, akiba ya betri ni ya lazima, na hapa chagua kwa makini: pawabenki nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo zinapohama kutoka kuchaji kwenda kutumia betri, na kitambo hicho kinatosha kuizima bodi. Ijaribu dukani kabla hujalipa. Washa bodi kupitia pawabenki ikiwa inachajiwa, chomoa chaja ukutani, uangalie kama taa za buluu zinaendelea.