Hifadhi ya Picha za HiRISE: Barafu ya Ncha za Mirihi Mwaka Hadi Mwaka

Kwa anayetaka kujionea jinsi barafu ya ncha za Mirihi inavyopungua na kurudi, sijapata huduma inayoishinda hifadhi ya picha za kamera ya HiRISE, ambayo Chuo Kikuu cha Arizona huitoa bure kwenye intaneti. Kamera hiyo imo katika chombo cha NASA, Mars Reconnaissance Orbiter, kilichofika huko mwaka 2006, na kwa kuwa chombo hupita karibu na ncha zote mbili mara 12 hivi kwa siku, mahali palepale huweza kupigwa picha tena na tena.

Hapo ndipo ubora wake ulipo. Picha moja ya ncha ya kusini, hata ingekuwa safi namna gani, haithibitishi badiliko lolote; ni picha za mahali pamoja zilizopishana kwa miaka zinazoonyesha mashimo ya mviringo yakipanuka katika tabaka la kabonidayoksaidi iliyoganda, kingo zake zikirudi nyuma kwa mita kadhaa kila mwaka wa Mirihi, ambao ni siku 687 za duniani. Upande wa kaskazini, ambako barafu ya kudumu ni ya maji, Februari 2008 kamera ilinasa maporomoko ya barafu na vumbi yakishuka genge refu la zaidi ya mita 700. Mgeni wa hifadhi hii na aanze na picha hiyo.

Kila picha huandikiwa nyuzi za longitudo ya jua, yaani kipimo cha msimu kinachoonyesha Mirihi imefika wapi katika safari yake ya kulizunguka jua, ambapo 0 ni mwanzo wa majira ya kuchipua kaskazini na 180 ni mwanzo wake kusini. Asiyeisoma tarakimu hiyo atalinganisha picha za misimu tofauti na kudhani barafu imetoweka kabisa, ilhali ni sakitu ya msimu iliyogeuka gesi na itakayoganda tena majira ya baridi yakiwadia.

Upungufu upo. Picha moja huonyesha ukanda wa upana wa kilomita 6 tu, mafaili kamili ni mazito mno kwa simu, na giza la miezi mingi ya baridi halipigwi picha. Hata hivyo, tangu mwaka 2010 umma umeruhusiwa kupendekeza mahali pa kupigwa picha, nami nashauri kupendekeza penye picha ya zamani, kwa msimu uleule.