Kamera ya simu: ulizia OIS kabla ya megapikseli

Msimu wa harusi ukiisha, malalamiko ni yaleyale: "Dada, simu yangu ina megapikseli 108, mbona picha za ukumbini zimefifia?" Nikiuliza ni simu gani, mara nyingi naambiwa Redmi Note 13 ya 4G. Megapikseli 108 inazo kweli. Isichokuwa nacho ni OIS, yaani kifaa ndani ya kamera kinachotuliza picha mkono unapotikisika.

Penye mwanga hafifu kamera hukusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi, na muda huo mkono wako unatikisika hata kama huhisi. OIS husogeza lenzi, au kwa baadhi ya simu kihisi chenyewe, kinyume cha mtikisiko huo. Simu isiyo nayo, kuza picha uangalie hina ya bibi harusi: maua yamegeuka madoa. Na usikubali kuambiwa "ina EIS, ni kitu kilekile." EIS ni programu inayokata kingo za video ili itulie. Picha ya usiku haiiponyi.

Chaguo langu la kwanza, bila kupepesa macho, ni Google Pixel 8a. OIS ipo, na tangu Pixel 6 ya mwaka 2021 Google wana Real Tone, iliyotengenezwa makusudi ili ngozi nyeusi isitoke imepauka wala ya kijivu. Sisi ndio tunaopigwa hizo picha! Ya pili ni Samsung Galaxy A35, ambayo nayo ina OIS na spea zake hazisumbui. Ya tatu ni Tecno Camon 30. OIS inayo, ila rangi za Pixel sijaziona humo.

Mwenye bajeti ndogo achukue Galaxy A15. Haina OIS, apige mchana.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Nenda maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, uliza OIS. Utahesabiwa kamera za mgongoni, pamoja na ile ya megapikseli 2 iliyowekwa kujaza idadi. Omba kupiga maandishi madogo ya kwenye boksi, kwa mkono mmoja, chini ya kaunta penye kiza, kisha uyakuze. Hilo ndilo jaribio ninalolitaka, na duka moja walinijibu, "Ukishafungua umenunua." Mtu anatoa mamia ya maelfu ya shilingi, ananyimwa picha moja ya majaribio! Wakikujibu hivyo, ondoka, duka la pili liko hatua chache tu mbele.