Uzoefu wangu wa kukodi banda la bustani ya umma Mbeya kwa sherehe za watoto

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Ilomba, jijini Mbeya, katika nyumba ya kupanga ambayo ua wake tunautumia familia nne. Mwaka huu nimekodi banda katika bustani moja ya umma hapa mjini mara mbili: mara ya kwanza mwezi Februari, binti yangu alipotimiza miaka 7, na mara ya pili mwezi Julai, mdogo wake alipotimiza miaka 4. Banda lilikuwa lile lile na bei ile ile, lakini siku zile mbili hazikufanana hata kidogo, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kwa ajili ya mzazi anayefikiria kufanya kama nilivyofanya mimi. Bustani yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyaeleza yalitokana na uzembe wa mtu mmoja wa zamu, na sipendi kuwachafulia jina wafanyakazi wengine walionisaidia vizuri.

Nianze na fedha. Banda hukodishwa kwa shilingi 50,000 kuanzia saa 6 mchana hadi saa 12 jioni, na juu yake kuna dhamana ya usafi ya shilingi 20,000 ambayo unarudishiwa ukiacha mahali pakiwa safi. Kiingilio cha getini hakimo katika bei hiyo: kila mtoto ni shilingi 500 na mtu mzima 1,000, hivyo mwenye wageni 40 asije akadhani amemaliza malipo. Kodi ya banda nililipa kwa simu kwa kumbukumbu namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 tuliyokwisha kuizoea katika huduma za serikali, na stakabadhi ikaja papo hapo. Hilo nililipenda, maana fedha haikupita mkononi mwa mtu. Dhamana, kwa upande mwingine, ilitolewa taslimu na kuandikwa kwa kalamu kwenye kauntabuku ya msimamizi, na saa za matumizi pia ziliandikwa humo humo, si kwenye stakabadhi. Sikulitilia maanani jambo hilo siku ile.

Kwa fedha hiyo unapata paa la bati juu ya nguzo nane, sakafu ya saruji yenye urefu wa hatua zangu kumi na nne, ukuta mfupi unaozunguka pande tatu, mabenchi manne ya saruji yaliyojengewa ukutani, meza mbili za mbao na soketi moja ya umeme. Viti nilikodi kwingine kwa shilingi 500 kimoja. Nje ya banda kuna nyasi, miti mirefu ya kivuli, bembea tatu ambazo moja ilikuwa imekatika mnyororo mara zote mbili nilizokwenda, na mtelezo wa bati ambao jua la saa 7 mchana huufanya usikalike. Watoto wenyewe hawakulalamika.

Februari nilifika saa 5 na nusu asubuhi na bajaji mbili zilizojaa masufuria, keki ikiwa mapajani mwangu, nikakuta banda limejaa akina mama wa kikoba waliovaa vitenge vya sare, pilau lao likiwa tayari jikoni nyuma ya miti. Nilidhani wamekosea, kumbe na wao waliandikishwa kihalali: ukurasa wa nyuma wa ile kauntabuku, kwa mwandiko wa msimamizi wa zamu nyingine, Jumamosi ile ile, saa zile zile. Msimamizi aliyekuwapo alisimama akaniambia kwamba ni bahati mbaya, akarudia neno hilo mara tatu, kisha akaondoka kwenda kufungua geti. Kuandika watu wawili siku moja ninaweza kulielewa, kwa sababu daftari linaloandikwa na watu wawili kwa kurasa mbili tofauti lazima siku moja ligongane. Kisichoeleweka ni msimamizi wa banda ulilolilipia kukugeuzia mgongo na kukuacha umalizane na wenzako.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa wale akina mama. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba watoto 22 wako njiani, akaangalia ile keki, akasema, "Mwanangu, sisi ni watu wazima, tunaweza kugawana fedha zetu hata chini ya mti. Lakini mvua ikija, tutarudi wote humu." Basi tukagawana banda kwa mstari wa viti, wao upande wa jikoni na sisi upande wa bembea. Nilipoomba nusu ya kodi irudishwe, kwa kuwa nilitumia nusu ya banda, nilielekezwa kuandika barua. Niliiandika na kuipeleka mwenyewe. Hadi leo sijajibiwa.

Na mvua ilikuja kweli. Mwenyeji wa Mbeya hahitaji kuambiwa kwamba kati ya Novemba na Aprili mchana mmoja unaweza kuwa na jua kali saa 7 na ukungu umefunika kilele cha Loleza saa 9, lakini mimi nilijipa moyo kwamba paa lipo. Paa lilikuwapo, ila halina dari. Matone makubwa yalipoanza kupiga lile bati, shemeji yangu aliyekuwa mshereheshaji alionekana akifungua na kufunga mdomo mbele ya kipaza sauti bila neno hata moja kutufikia, na watoto walipogundua kwamba hakuna mtu mzima anayeweza kusikika, walianza kupiga kelele kwa furaha ambayo sijaiona tena tangu siku hiyo. Tatizo halisi lilikuwa upande ule usio na ukuta. Manyunyu yaliingia hadi katikati ya sakafu, na saruji ile iliyosuguliwa ikawa na utelezi kama sabuni. Mtoto wa jirani alianguka akachubuka kiwiko. Wale akina mama walikuwa na turubai, wakalifunga kwenye nguzo mbili kwa kamba za vitenge vyao, na mambo yakatulia. Turubai la kukodi ni shilingi elfu chache tu. Kwa sherehe ya masika nisingeenda tena bila hilo.

Sasa nieleze jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kabla sijakodi, nalo kwangu ni kubwa kuliko mvua. Unachokodi ni banda, si bustani. Bustani inabaki kuwa ya umma, na mtoto yeyote aliyelipa kiingilio chake, au aliyepenya kwenye uwazi wa uzio upande wa mtaani, ana haki ya kusimama anapotaka. Ukuta mfupi wa banda unamfika kifuani mtoto wa miaka minane hivi. Kwa hiyo mvua ilipokatika na sisi tukaanza kuimba tukiizunguka keki, nilichokiona nilipoinua macho ni safu ya vichwa na mikono iliyoegemezwa juu ya ukuta, kuanzia nguzo hadi nguzo, wengine wakiwa wameloa hadi nywele, na wote wakiimba pamoja na sisi kwa sauti kubwa kuliko wageni wangu. Niliwahesabu kumi na saba.

Msimamizi, ambaye hakuonekana tangu asubuhi, alitokea na fimbo akaniuliza, "Mama, niwafukuze?" Nakiri kwamba nilisita, kwani keki ilikuwa ya kilo tatu na hesabu yangu ilikuwa ya watoto 22. Mama mkwe wangu, aliyekuja na gari la asubuhi kutoka Tukuyu akiwa na sufuria la mbalaga, hakungoja nijibu. Alikwishachukua sahani za karatasi na kuanza kuwapakulia wale wa ukutani ndizi na nyama, akiwapanga kuanzia mdogo, na kila aliyepokea alimwambia ashukuru kwa Kinyakyusa, kwa hiyo nikasikia "ndaga" kumi na saba mfululizo, nyingine zikitamkwa vibaya sana. Keki tuliikata vipande vidogo mno. Binti yangu alinuna kidogo alipoona kipande chake kinalingana na cha mtoto asiyemjua, halafu baada ya robo saa nikamwona kwenye bembea na huyo huyo.

Julai nilikwenda nikiwa nimejifunza. Keki ilikuwa ile ile ya kilo tatu, lakini niliongeza sinia la keki ya kawaida isiyopambwa na maandazi 60, na bajeti ya chakula nikaipandisha kwa theluthi moja. Walikuja wageni wa ukutani tisa tu, pengine kwa sababu ya baridi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Mchana jua huwaka, lakini chini ya paa la bati, kwenye sakafu ya saruji na mabenchi ya saruji, baridi hutoka chini na kukupanda magotini. Wazazi waliowavalisha watoto magauni ya sherehe bila masweta walijuta kabla ya saa 10 jioni. Mikeka niliyotandika juu ya mabenchi ilisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Mvua haikuwapo, ila upepo ulikuwapo. Mishumaa minne iliwashwa mara tatu na mara zote tatu ikazimwa na upepo kabla mwenye sherehe hajavuta pumzi, na mara ya tatu aliangua kilio akidai kwamba kuna mtu anamzimia mishumaa yake. Hatimaye baba yake alisimamisha sinia upande mmoja, mimi nikapanua koti upande wa pili, na katika kijibanda hicho cha koti na sinia mtoto akazima mishumaa yake mwenyewe. Maputo nayo yalitusumbua kwa namna ambayo sikuitarajia: nyasi za Julai ni kavu na ncha zake huchoma kama sindano, kwa hiyo kila puto lililodondoka nje ya banda lilipasuka, na hadi jioni nyasi zilikuwa zimejaa vipande vya rangi ambavyo havizolewi kwa ufagio. Kwa vipande hivyo nilikatwa shilingi 5,000 katika dhamana. Sikubishana, maana nilipotazama nyuma niliona kwamba kweli hatukuviokota vyote.

Nilichobishania ni umeme. Saa 8 spika ilizimika, nikaambiwa kwamba LUKU imeisha na aliyepaswa kununua yuko safarini. Nilinunua umeme wa shilingi 5,000 kwa simu yangu, nikamsomea mlinzi zile tarakimu 20 naye akaziingiza moja moja kwenye mita, muziki ukarudi. Jioni, wakati wa kurudishiwa dhamana, niliomba kiasi hicho nirudishiwe, nikajibiwa kwamba umeme haumo katika huduma ya banda. Kama haumo, soketi imewekwa ya nini?

Vyoo vilikuwa safi saa 6 mchana na vibaya saa 10 jioni mara zote mbili, kwa kuwa maji hutoka kwenye tanki moja ambalo huisha mchana. Julai nilikwenda na madumu mawili ya lita 20, sabuni na karatasi zangu, na mdogo wangu akawa anavipitia kila baada ya saa moja. Taka zinabebwa na mwenye sherehe. Pipa ni moja na hujaa kabla hata chakula hakijaanza, hivyo nenda na viroba viwili au vitatu.

Pamoja na hayo yote, nilipolinganisha na kumbi nilizoulizia mjini, ya bei nafuu ilikuwa shilingi 250,000 kabla ya chakula, na bustani ya hoteli ilinitaka ninunue chakula chao chote kwa kichwa. Hapa unaingia na pilau lako na mpishi wako, na watoto wana mahali pa kukimbia hadi wachoke, jambo ambalo ukumbi hauwezi kukupa kwa bei yoyote. Kwa banda lenyewe na eneo lake ninatoa nyota nne kati ya tano. Kwa usimamizi ninatoa mbili, na moja kati ya hizo ni ya mlinzi yule wa LUKU, aliyekaa nasi hadi saa 1 usiku kutusaidia kubeba viti.

Wiki iliyopita nilirudi kuandikisha Jumamosi moja ya Februari ijayo. Nilimwomba msimamizi afungue kauntabuku kurasa zote mbili, ya mbele na ya nyuma, nikapiga picha zote mbili kwa simu yangu, kisha nikamwomba aandike saa, umeme na maji nyuma ya stakabadhi na aweke sahihi. Aliandika saa na umeme. Kuhusu maji alicheka, akasema nije tu na madumu yangu.